Kufuatilia timu ya mtaa msimu mzima: mwongozo wa mshika daftari

Timu ya Ligi Kuu ina kamera, waandishi na mtu wa takwimu. Timu ya watu wazima inayocheza ligi ya kaunti ndogo kule Kondele (Kisumu), Lanet (Nakuru) au Lurambi (Kakamega) haina hata mmoja wao. Mechi ikiisha, kinachobaki ni matokeo kwenye simu ya katibu, na wiki tatu baadaye watu wanabishana nani alifunga la pili. Mwongozo huu ni wa shabiki anayetaka kwenda na timu hiyo tangu mechi ya kwanza hadi ya mwisho, na kuiwekea kumbukumbu ambayo kocha, kamati ya ligi na hata wapinzani wataiamini. Wachezaji tunaowazungumzia ni fundi, mwalimu, mwendesha boda na muuza mitumba. Hawalipwi, wanacheza Jumamosi au Jumapili, na Jumatatu wako kazini.

Kabla ya mpira kupigwa

Kwanza jua timu iko ngazi gani. Kandanda ya Kenya hupanda kutoka ligi ya kaunti ndogo, kwenda ya kaunti, ya kanda, Daraja la Pili, Daraja la Kwanza, NSL (National Super League), hadi Ligi Kuu. Ngazi ndiyo inayoamua mambo mengi utakayoyaona: idadi ya mechi, umbali wa safari, kama waamuzi watakuwa watatu au mmoja, na kinachopiganiwa mwisho wa msimu. Usisahau pia Kombe la FKF, yaani la Shirikisho la Kandanda la Kenya, ambalo huzipa timu za chini nafasi ya kukutana na vigogo. Kakamega Homeboyz walilitwaa mwaka 2023 na likawapeleka Kombe la Shirikisho la Afrika. Timu yako ikiingia kombe hilo, lipe kurasa zake peke yake. Usilichanganye na ligi.

Halafu mwone katibu wa timu na umwombe nakala tatu: kanuni za mashindano za msimu huo, ratiba, na orodha ya wachezaji waliosajiliwa. Kanuni ndizo watu wengi hawazisomi, na ndizo zinazoleta ugomvi mwezi wa mwisho. Tafuta humo majibu ya maswali haya: Timu mbili zikilingana pointi, kinachotazamwa kwanza ni tofauti ya mabao au mechi walizokutana wenyewe? Sabu ni ngapi, na aliyetoka anaruhusiwa kurudi? (Sheria za mchezo huruhusu mashindano ya vijana, wakongwe, walemavu na ngazi za mashinani kurudisha aliyetolewa, lakini lazima kanuni za ligi ziseme hivyo.) Kadi ngapi za njano humweka mchezaji nje? Timu isipofika, ushindi wa mezani ni wa mabao mangapi? Timu inasubiriwa dakika ngapi kabla ya refa kupuliza? Malalamiko hupelekwa ndani ya saa ngapi, na ada yake ni kiasi gani? Yaandike majibu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari kwa maneno yako, na nambari ya kifungu pembeni. Siku ya ubishi utafungua ukurasa mmoja tu.

Ratiba nayo usiibandike ukutani ukaiamini. Uwanja wa timu ya mtaa mara nyingi ni wa shule, wa kanisa au wa umma, na mwenye uwanja ana shughuli zake. Mazishi makubwa, mkutano wa siasa, krusedi, maonyesho ya kilimo, au mvua ya siku mbili, yote husogeza mechi. Mitihani ya kitaifa ikikaribia, kati ya Oktoba na Novemba, shule nyingine hufungia lango watu wa nje. Kwa hiyo thibitisha mara mbili: Alhamisi jioni kwa katibu, na asubuhi ya mechi kwa mtu anayekaa karibu na uwanja. Usimuulize tu kama mechi iko. Muulize: uwanja ule ule, saa ile ile, na waamuzi wamethibitisha? Mechi nyingi huahirishwa kwa sababu ya hilo la tatu, ada ya waamuzi ikiwa haijapatikana.

Daftari lenyewe

Nunua kaunta buku ya kurasa 192, ile yenye jalada gumu. Daftari la shule la jalada laini halimalizi mkondo wa kwanza, yaani nusu ya kwanza ya msimu. Likilowa mara moja kurasa zinashikana. Beba penseli mbili za HB na kalamu moja. Penseli huandika hata karatasi ikiwa na unyevu, na wino wa kalamu husambaa tone la kwanza likidondoka. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hiyo tumia folda ngumu ya plastiki yenye kifungo, ile ya kuwekea vyeti. Ongeza saa ya kuhesabu muda. Ya simu inatosha, mradi iwe kwenye hali ya ndege ili mtu asikupigie dakika ya 88.

Kila mechi ipe kurasa mbili zinazotazamana. Wa kushoto ujaze kabla ya mechi: tarehe, uwanja, mkondo, nambari ya mechi, hali ya hewa, upande tunaoshambulia kipindi cha kwanza, kikosi kwa nambari za jezi, waliokaa benchi, jina la nahodha, na saa halisi ya kuanza. Hiyo saa ya kuanza iandike hadi dakika. Malalamiko mengi ya ngazi hizi ni kuhusu timu iliyochelewa, na kamati huuliza jambo moja tu: mpira ulianza saa ngapi, na timu ilikuwa na watu wangapi? Kumbuka mechi haiwezi kuanza wala kuendelea timu ikiwa na wachezaji pungufu ya saba.

Kikosi kichukue kwa meneja wa timu akishakabidhi fomu kwa refa, kama nusu saa kabla ya mechi. Usikiandike kwa kukumbuka nyuso. Halafu timu zikiingia uwanjani, hesabu jezi moja moja ukilinganisha na ulichoandika. Hapo ndipo makosa hujitokeza: jezi mbili za nambari 14, mchezaji aliyevaa fulana iliyoandikwa nambari kwa kalamu ya wino mzito, au beki aliyebadilishana jezi na mwenzake kwa kuwa yake imembana. Andika jina karibu na nambari kwa timu yako. Kwa wapinzani nambari inatosha, na majina uyaulize baadaye.

Kuandika mechi ikiendelea

Simama karibu na mstari wa katikati, upande ulio mkabala na benchi, ili uone sabu vizuri. Uwanja ukiwa umelazwa kaskazini kwenda kusini, shika upande wa magharibi. Mechi ya saa kumi jua huwa limeinama, na ukisimama mashariki utakuwa ukikodoa macho kipindi chote cha pili. Usisimame nyuma ya goli. Ni kuzuri kwa kushangilia, lakini huwezi kuona kuotea wala kujua nani alitoa pasi upande wa pili.

Saa iwashe filimbi inapolia, na usiizime hadi mapumziko. Kipindi cha pili ianzishe upya na uhesabu kuanzia 45. Dakika za nyongeza ziandike kama 45+2 au 90+4. Usiandike 47 wala 94, maana 47 itasomeka kama dakika ya pili ya kipindi cha pili.

Ukurasa wa kulia ni wa matukio, kila tukio mstari wake, na matokeo ya wakati huo mwishoni. Mfano:

12' G 9 (p 7), kona, kichwa. 1–0
31' Nj 4, kuvuta jezi
45+2' G wao 11, penalti, kosa la 5 wetu. 1–1
58' S: 14 ndani, 8 nje, kifundo cha mguu
76' KJ wao 3, krosi ya 2. 2–1
90+1' Nk wao 6, rafu mbaya

G ni goli, p ni pasi ya mwisho, Nj ni njano, Nk ni nyekundu, S ni sabu, KJ ni kujifunga. Usibuni alama ishirini. Utazisahau kabla ya mechi ya tatu. Kona na mashuti yaliyolenga goli yaweke kwa vijiti chini ya ukurasa, vitano vitano, kila timu safu yake. Pasi na umiliki wa mpira achana navyo. Mtu mmoja hawezi kuvihesabu kwa ukweli, na namba ya kubahatisha ni mbaya kuliko kutokuwa na namba.

Ukifika kwenye goli la vurugu, kona imepigwa, miguu sita imegusa, mpira umeingia, andika dakika na matokeo tu, na nafasi ya mfungaji uiache wazi. Mapumziko yakifika mwendee nahodha: "Kepteni, lile la kwanza ni la nani?" Usiwaulize mashabiki, kwa sababu kila mmoja atamtaja rafiki yake. Refa naye anaandika mfungaji kwa ripoti yake; mkitofautiana, andika vyote viwili na alama ya kuuliza, kisha fuata ripoti ya refa kwenye hesabu rasmi. Shuti lililogusa beki likaingia linabaki la mpigaji ikiwa lilikuwa linaelekea golini. Kama lilikuwa linatoka nje na beki akalipindua, hapo ni kujifunga.

Sheria hubadilika, na mshika daftari anafaa kuwa mbele ya kelele za pembeni. Tangu Julai 2025 kipa akishika mpira kwa mikono zaidi ya sekunde nane, adhabu ni kona kwa wapinzani, na refa huhesabu sekunde tano za mwisho kwa mkono ulioinuliwa. Bado utasikia watu wakidai frikiki ya sekunde sita. Kona ya namna hiyo iandike na sababu yake, maana kocha atataka kujua.

Usiku huo huo, kabla hujalala, jumlisha dakika. Aliyeanza na kutolewa dakika ya 58 ana 58. Aliyeingia mahali pake ana 32. Dakika za nyongeza hazihesabiwi, ili kila mechi iwe na 90. Aliyepewa nyekundu huishia dakika ile. Hesabu ya timu nzima ni 11 mara 90, yaani 990, ukiondoa dakika zilizopotea kwa kadi nyekundu. Jumla yako isipofika hapo, kuna sabu uliyoisahau, na ni rahisi kuikumbuka leo kuliko Jumatano.

Dakika hizi ndizo zinazoonyesha yale ambayo macho hayaoni. Mshambuliaji mwenye mabao 6 kwa dakika 720 anafunga bao 0.75 kila dakika 90. Mwenzake mwenye mabao 4 kwa dakika 300, akitokea benchi, ana 1.2. Watu watakwambia wa kwanza ndiye mkali, na pengine ni kweli, kwa sababu anayeingia dakika ya 65 hukutana na mabeki waliochoka. Lakini kocha akiziona namba mbili hizo pamoja, ana jambo la kufikiria. Kukokotoa ni mabao mara 90, gawanya kwa dakika. Usimlinganishe mtu yeyote kabla hajafikisha dakika 270. Chini ya hapo bao moja hupindua kila kitu.

Msimamo wa ligi

Katika ngazi za chini msimamo hutoka kwa kuchelewa, na mara nyingi una makosa. Tengeneza wako. Safu ni nane: mechi, ushindi, sare, kushindwa, mabao ya kufunga, ya kufungwa, tofauti, pointi. Matokeo ya viwanja vingine yapate kwa makatibu wa timu zote mbili zilizocheza, usitegemee mmoja. Timu iliyofungwa 5–1 wakati mwingine hutuma 4–1.

Kisha kagua. Katika ligi nzima, jumla ya mabao ya kufunga lazima ilingane na jumla ya kufungwa, na jumla ya ushindi ilingane na jumla ya kushindwa. Pointi zote zilizogawanywa ni 3 kwa kila mechi iliyopata mshindi na 2 kwa kila sare. Wikendi ya mechi tano yenye sare mbili hutoa pointi 13, wala si 15. Ligi ya timu 10 za nyumbani na ugenini ina mechi 90, kila timu 18. Ya timu 12 ina mechi 132, kila timu 22. Hesabu zikikataa, anza kutafuta kwenye mechi zilizoahirishwa na zile za ushindi wa mezani, kwa kuwa huwa zimeingizwa mara mbili au hazijaingizwa kabisa. Kanuni za nidhamu za FIFA huweka ushindi wa mezani kuwa 3–0, ila ligi yako inaweza kuandika vingine, na ndiyo maana ulisoma kanuni mapema. Mabao ya mezani yaingie kwenye msimamo, yasiingie kwa mchezaji yeyote.

Mvua, radi na giza

Magharibi mwa Kenya hali ya hewa ni mchezaji wa kumi na mbili. Kisumu upepo wa ziwani huanza kuvuma mchana kuelekea nchi kavu, na kipa anayeukabili hupiga mpira ukarudi nusu ya njia. Ndiyo sababu ya kuandika upande wa kila kipindi: mabao yakiwa mengi upande mmoja msimu mzima, si bahati. Kakamega na Vihiga mvua ya alasiri, hasa Machi hadi Mei, huja haraka na mawingu hayatoi onyo refu. Uwanja wa udongo mweusi kama wa nyanda za Kano ukinyeshewa asubuhi haukauki kufikia saa kumi; nyasi zitaonekana kavu juu huku tope limejaa chini, na daluga zinatoka zimebeba kilo ya udongo.

Kuhusu radi, usicheke na mtu. Eneo hili, kutoka Kisii hadi Kakamega, hupigwa na radi mara nyingi, na uwanja wazi ni mahali pabaya pa kuwa. Ukisikia ngurumo, radi iko karibu vya kutosha kukudhuru. Mshauri nahodha amwombe refa asimamishe mechi. Watu waingie darasani au ndani ya matatu iliyofungwa madirisha. Wasijibanze chini ya mwembe, wasiegemee milingoti ya goli wala waya wa uzio. Mchezo urudi dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, na ukisikia nyingine anza kuhesabu upya. Andika dakika mechi iliposimama, matokeo, na mpira ulikuwa wapi. Mechi isipomalizika, kamati itayahitaji yote matatu.

Giza nalo lina hesabu yake. Mechi ya saa kumi kamili, yenye mapumziko ya dakika 15 na nyongeza za kawaida, huisha karibu saa kumi na mbili kasoro. Ikianza saa kumi na moja kasorobo, dakika za mwisho mtacheza mkitafuta mpira kwa macho, maana jua huzama saa kumi na mbili na nusu na ushei. Siku uwanja una mechi mbili, ya saa nane ikichelewa nusu saa, ya pili iko hatarini. Mwambie katibu mapema.

Siku ya nyumbani

Mshika daftari mzuri hufika saa tatu kabla ya mechi, na mara nyingi hujikuta ameshika kamba ya kupimia. Vipimo vya kukariri ni hivi: goli mita 7.32 kwa 2.44, eneo la penalti mita 16.5, eneo la goli 5.5, nukta ya penalti mita 11, duara la kati nusu kipenyo 9.15, robo duara ya kona mita 1. Uwanja unaruhusiwa urefu wa mita 90 hadi 120 na upana 45 hadi 90. Pembe ya kona ipate kwa kamba: pima mita 6 upande mmoja, 8 upande wa pili, na umbali kati ya ncha hizo uwe 10 kamili. Ikipungua, pembe imebana na uwanja utatoka mshazari. Duara lichorwe kwa kigingi na kamba ya mita 9.15 isiyonyumbuka, kamba ya nailoni huvutika, tumia ya katani.

Uwanja wa mita 100 kwa 64 una takriban mita 690 za mistari, kwa hiyo usianze kuchora ukiwa na ndoo moja ya chokaa. Na chokaa yenyewe uitazame. Ile ya wajenzi huunguza ngozi na macho, hasa ikilowa, na mchezaji atateleza na uso juu yake. Tumia unga wa chaki au rangi nyeupe ya maji iliyochanganywa. Vikikosekana, unga wa mbao kutoka kwa seremala unaonekana vya kutosha kwenye udongo. Majivu ya kuni yaache, nayo yanaunguza.

Magoli ya kuhamishika yafungwe ardhini au yawekewe magunia ya mchanga kila mguu wa nyuma. Watoto huning'inia mapumziko, na goli la chuma likianguka linaua. Hili lisimamie hata kama si kazi yako.

Ugenini

Kikosi cha watu 18, kocha, meneja, wa huduma ya kwanza na wewe ni 22. Matatu ya abiria 14 haiwatoshi, na kubanana ni kuwapeleka wachezaji wakiwa wamekufa ganzi miguu. Ama matatu mbili, ama basi dogo la viti 33 mkiwachukua mashabiki wachangie mafuta. Kisumu hadi Kakamega ni kama kilomita 50, lakini siku ya soko barabara ya Kiboswa, Majengo, Mbale na Chavakali huwa na msongamano kila kituo. Panga kufika dakika 90 kabla ya mechi, si 30. Kutoka Nakuru kwenda Naivasha au Molo, hesabu malori pia.

Maji: lita moja na nusu kwa kila mchezaji, yaani lita 27 kwa watu 18. Jerikeni mbili za lita 20 zinabaki na akiba ya kuosha vidonda. Usitegemee bomba la wenyeji. Sanduku la huduma ya kwanza liwe na glavu, bandeji za kukaza, pamba, plasta, mkasi na barafu ndani ya chupa ya chai. Mchezaji akigongwa kichwa akapepesuka, akasahau matokeo, akatapika au akalalamika kuona maruweruwe, anatoka na harudi siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Andika dakika na dalili, daktari atakuuliza.

Ugenini pia ndipo daftari lako hutazamwa kwa jicho baya. Jitambulishe kwa katibu wa wenyeji kabla ya mechi, mweleze unachoandika, na mwishoni mlinganishe matokeo, wafungaji na kadi. Mkikubaliana, aweke sahihi chini ya ukurasa. Sahihi moja kama hiyo ina uzito kuliko video ya simu iliyotikisika.

Pesa na kamari

Ukiwa mtu wa daftari, utaombwa kushika michango. Kubali ukitaka, ila pesa ziwe na daftari lao na laini ya M-Pesa isiyo yako ya matumizi. Kila mchango uandikwe jina, kiasi na nambari ya muamala. Kila matumizi yawe na risiti au sahihi ya aliyepokea: ada ya waamuzi, nauli, maji, chaki, kufua jezi. Soma hesabu kwenye kundi la WhatsApp kila Jumapili usiku, hata wiki ambayo haikuingia shilingi. Michango hukauka watu wakianza kujiuliza, na kwa kawaida hujiuliza kimya kimya.

Usiweke dau kwenye mechi ya timu yako wala ya ligi yake. Usimpe mtu kikosi, majeruhi au hali ya kipa kabla ya mechi, hata awe rafiki. Mtu akikuuliza kwa bidii isiyo ya kawaida kama kipa wa kwanza yupo, mwambie katibu siku hiyo hiyo.

Katikati ya msimu

Mkondo wa kwanza ukiisha, kaa na kocha saa moja ukiwa na mambo manne tu: nani amecheza dakika nyingi mno, mabao ya kufungwa huja dakika zipi, nani amebakiza kadi moja kufungiwa, na nani hajaonekana. Mabao ya kufungwa yagawe kwa robo saa. Yakirundikana baada ya dakika ya 75, tatizo ni pumzi au sabu zinazochelewa. Yakiwa ya robo ya kwanza, angalia muda wa kufika uwanjani. Timu inayovaa jezi ikikimbia haipashi misuli.

Kuhusu wasioonekana, usikimbilie kusema hawana moyo. Kuna aliyepata kibarua cha kukata miwa Muhoroni, kuna aliye zamu ya usiku, kuna aliyekwenda kwenye usajili wa polisi au jeshi. Andika sababu kwa maneno mawili. Kocha akijua kwamba msimu wa kupanda mahindi humnyima mabeki wawili, atasajili mapema kabla dirisha halijafungwa.

Daftari lina faida nyingine kwa mchezaji mwenyewe. Kijana akiitwa majaribio na timu ya juu, mwandikie karatasi moja: mechi, dakika, mabao, pasi za mwisho, kadi, na nafasi anayocheza. Usiongeze hata bao moja. Atakayempokea atapiga simu kwa kocha wa timu pinzani, na bao la uongo litamharibia yale kumi ya kweli.

Mechi tatu za mwisho na baadaye

Mechi zikibaki tatu, andika kila timu inayowania nafasi yako: pointi ilizo nazo, pointi za juu kabisa inazoweza kufikia, na mechi zake zilizobaki. Timu yenye 38 na mechi mbili mkononi haipiti 44. Kama nyinyi mna 45, hiyo imeshatoka. Fanya hivyo kwa kalamu, mbele ya nahodha, kwa sababu uvumi wa "tukitoka sare tumepanda" umewahi kuwafanya watu wacheze kwa kujilinda siku waliyohitaji kushinda. Siku ya mwisho weka mtu kwenye uwanja wa pili mwenye simu iliyochajiwa, na mkubaliane atume matokeo mapumziko na mwisho peke yake.

Msimu ukiisha, piga picha kila ukurasa mchana, penye mwanga, daftari likiwa limelala bapa. Zihifadhi mahali pawili na umtumie katibu. Jumla za msimu ziingize kwenye jedwali la kompyuta, ya saiba ikiwa huna yako: mchezaji mmoja mstari mmoja. Nakala moja iliyochapishwa ikae na mwenyekiti. Kisha mwandike barua ya kuomba uwanja wa msimu ujao mapema, mkiambatisha ratiba mliyoitumia mwaka huu, ili mwalimu mkuu aone ni Jumamosi ngapi hasa mnazoomba.